Siku Alizofungua Binti Yangu

Ramadhani ile binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, akaja kufunga kwetu Utange kwa kuwa mumewe alikuwa safarini. Nilimkumbusha kwamba mja mzito ana ruhusa ya kula. Akacheka.

"Baba, nikila sasa nitakuja kulipa peke yangu, nyote mnatafuna mbele yangu. Niache nifunge na wenzangu."

Kilichotuponza ni kwamba kila dalili tuliipa sababu ya saumu. Kichwa kikimgonga, tukasema ameikosa chai. Mkojo ukimchoma, basi hakunywa maji ya kutosha wakati wa daku. Homa tukalisingizia jua. Uso ulipojaa, shangazi yake akamtania, "Futari yote imepanda mashavuni. Huyo tumboni ni dume."

Alasiri moja akaniambia anaona vimulimuli machoni. Nikampa maji kwa mkono wangu, akayanywa akilia, tukaenda hospitali.

"Mzee, ana maambukizi ya mkojo, yamefika kwenye figo," daktari alinieleza. "Mwili unapigana nayo, na huku presha ya mimba imepanda. Maambukizi tutayatibu kwa dawa. Presha hii haitatulia mpaka mtoto atoke, na tukichelewa mama atapata kifafa."

Mtoto akatolewa, wa kiume. Nilimwadhinia sikioni polepole, maana sikio lenyewe lilikuwa dogo mno. Hakuufikia mwezi wa Idi. Mama yake alibaki, nami nikamshukuru Mola.

Miezi ikapita, afya ikamrudia. Siku moja, akipepeta mchele uani, akaniuliza, "Baba, zile siku nilizokula, nilikula kwa ajili yangu au yake?"

Nilijua aulizalo, kwani ni mimi niliyemsomesha. Mama anayefungua kwa kumhofia mtoto peke yake hulipa siku, na kwa kila siku hulisha maskini. Akijihofia mwenyewe, hata kama amemhofia na mtoto, hulipa siku tu.

"Tuliwahofia nyote wawili," nikamjibu. "Lipa siku tu, mwanangu."

Akapepeta kidogo, akasita. "Kwa hivyo yeye hana chake humo?"



Siku ya kwanza aliyolipa, magharibi ilipokaribia, alipakua sahani ya wali akaifunika, akampelekea ajuza wa nyumba ya nyuma asiye na mtu. Kesho yake akampelekea tena. Sikumwambia kwamba si lazima.