Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Nacheka hata kabla sijaanza. Mchumba wangu alipokuja kujitambulisha nyumbani kwetu Magamba, alileta kapu la machungwa ya kwao Muheza na koti jepesi la kuazima, meno yakimgongana kwa baridi tangu anashuka kwenye gari. Na mimi nilikuwa natetemeka, ila si kwa baridi. Baba alishasema: yeye hana neno, lakini mama akimkataa kijana, basi, posa isiletwe.

Sasa mtu atampimaje mkwe ambaye hakai naye? Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, na kugusana ndiyo usiseme kabisa. Mchumba wangu akasema shikamoo huku ameinamia sakafu, mama akaitikia marahaba kutoka nyuma ya pazia la chumbani, akavuta kigoda akakaa hukohuko.

Baada ya chakula cha mchana mvua ikatufungia ndani. Mdogo wangu, asiyejua kutulia yule, akaweka filamu ya kutisha, zile zinazotafsiriwa na dijei anayeongea kama anakimbizwa. Nilimkata jicho. Hakujali.

Kumbe filamu yenyewe ilikuwa ya mkwe! Mama mmoja mgonjwa, hawezi kutembea, binti yake kasafiri. Mkwe ndiye anamtunza: anachota maji kwenye tangi, anampikia uji, anamfulia. Kila jioni binti anapiga simu, "Mama, nakuja." Haji.

"Mkwe ndiye huyo!" mama akasema nyuma ya pazia, akichungulia TV kwenye upenyo, kwa sauti ya kusikika. "Wangapi wanaweza hivyo?"

Mchumba wangu akajiweka sawa kwenye kochi, akatabasamu kama yeye ndiye aliyepika. Kila uji ulipokorogwa mama alisifu, na kila aliposifiwa mtu wa kwenye skrini, wangu alizidi kuvimba kichwa. Moyoni nikasema, tayari, nimeolewa.

Halafu ikaja mwisho. Mgonjwa anasikia sauti ya binti yake jikoni. Anajikokota kwa viwiko mpaka mlangoni. Jikoni hakuna binti. Yupo mkwe peke yake, kajifunga kitambaa cha mkewe kichwani, anaongea na simu kwa sauti ya mkewe, "Mama, nakuja." Akageuka taratibu. Kamera ikaenda kwenye tangi la maji, na binti yumo mle siku zote. Na uji wote ule ulipikwa kwa maji yale!

Mama yangu wee! Mdogo wangu akapiga kelele. Mchumba wangu, mwanaume mzima na ndevu zake, aliruka kochi akakimbilia alikoona pa kujificha. Pazia likang'oka na fimbo yake. Akaangukia mapajani kwa mama, na mama, kwa hofu ileile, akamkumbatia kwa nguvu akilia, "Mwanangu! Mwanangu!"

Kisha wakatazamana. Uso kwa uso.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mchumba wangu akajitoa mapajani, akapiga magoti na pazia begani, akasema, "Shikamoo mama." Mara ya pili siku ileile! Mama akajifunika khanga uso mzima. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia, nikajua yamekwisha, nikaanza kulia na mimi.

Khanga ikashuka. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka, hawezi hata kupumua! Akaongea kwa Kisambaa, kwa sauti ya chini, akinitazama mimi tu, maana yeye alishamgeuzia mkwe mgongo.

"Nilikuwa naogopa nampa mtoto wangu mtu nisiyemjua," akasema. "Sasa nimemjua. Waambie wazee wake waje."

Nikapiga vigelegele palepale, mwenyewe, bila aibu, na mchumba wangu, asiyeelewa Kisambaa hata neno, akaniuliza kwa kunong'ona, "Ndiyo nafukuzwa?"