Bakuli la Unosuke

Walimpiga Unosuke mizinga siku aliyorudi kwao. Hilo ndilo kosa, na litajwe kwanza, kabla watu hawajaanza kulipaka asali. Hakuwa mgeni wala adui, na hakuwa na silaha. Alikuwa baharia wa kijiji hiki hiki, mzaliwa wa nyumba ya tatu kutoka kisimani, na mkewe Oseki alikuwa juu ya mwamba akitazama.

Miaka sita kabla ya siku hiyo, Unosuke aliondoka na merikebu iliyopeleka mchele wa kodi Edo, kwenye makao ya mtawala. Vyombo vyetu vina tanga moja na usukani mwepesi, kwa kuwa sheria haitaki tufike mbali. Dhoruba ikang'oa usukani, na tangu hapo bahari ikawa nahodha. Kijiji kilisubiri mwaka mmoja. Kisha mkuu wa kijiji, Heizaemon, akafuta jina la Unosuke kwenye daftari, kasisi akampa jina jipya wanalopewa wafu, na kaburini wakazika viatu vyake vya majani ya mpunga.

Oseki alilia kama wajane wote, akarudi nyumbani, akapika. Kwetu mtu akiwa safarini hupakuliwa chakula chake kila asubuhi kama aliyepo. Bakuli hufunikwa. Ukifunua ukakuta matone ndani ya kifuniko, mwenyewe yu hai. Kikiwa kikavu, ndiyo basi tena.

"Mkwe wangu, kuna matone?" mama yake Unosuke aliuliza kutoka kitandani, kila siku ya Mungu.

"Yapo, mama."

"Basi hajafa, mlafi yule. Angekufa angeniaga."

Mwaka wa nne mama huyo akafa. Oseki akabaki na bakuli lake, peke yake, wanawake wakimcheka kisimani kwamba anampikia mvuke.

Mwaka wa sita, kiangazi, merikebu ya kigeni ikatia nanga kwenye ghuba. Amri tuliijua sote, hata sisi tusiojua kusoma: chombo cha wageni kikionekana kipigwe, na asiwepo mtu wa kufikiri mara mbili. Oseki mwenyewe aliipenda amri hiyo. Tulikuwa tumeambiwa wageni huleta maradhi na dini iliyokatazwa, na mtu aliyelala ndani hulisifu komeo.

Wapiga mizinga wakaletwa kutoka bomani, na kila nyumba ikatakiwa kutoa mwanamke mmoja wa kuwapikia. Oseki alitoka alfajiri na chungu chake. Bakuli la Unosuke alilibeba mkononi, limefungwa kwa kitambaa, maana siku moja haikuwahi kupita bila kulipakua.

Walipiga tangu jua kuchomoza. Matonge ya wali yalikwisha kabla ya baruti.

"Jamani, tazameni!" alisema Ofuji, jirani yake. "Wametundika shuka jeupe. Wanaanika nguo huku wakipigwa?"

"Labda nahodha kajikojolea," alisema Oseki.

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Oseki ndiye aliyecheka zaidi.

Mpiga mzinga mmoja, nyusi zake zimeungua kwa baruti, akawajia akifuta jasho. "Dada, hakuna hata tonge moja? Tumbo limeshikana na mgongo."

Chungu kilikuwa kitupu. Oseki akalitazama bakuli, akafunua. Kifuniko kilikuwa kimejaa matone, makubwa, yakidondoka. Kwa miaka yote sita hayajawahi kuwa mengi hivyo. Akafurahi. Akasema moyoni kwamba Unosuke hatamnyima chakula mtu anayelinda nyumba yake.

"Kula, kaka," akasema. "Mwenyewe yuko safarini. Hatakasirika."

Mtu yule akala wali wote, akalamba vidole, akashukuru, akarudi kwenye mzinga wake. Kombora lililofuata lilivunja ukingo wa merikebu. Wageni wakakata kamba ya nanga wakaondoka, na Oseki akapiga makofi.

Ukapita mwaka na nusu. Jioni moja Matabei, nahodha anayepeleka majongoo ya bahari makavu Nagasaki, rafiki wa Unosuke tangu utoto, akaingia bila kubisha.

"Shemeji, keti."

"Nimeketi. Wewe umelewa?"

"Natamani ningekuwa nimelewa." Akashusha sauti. "Ile merikebu haikuleta vita. Waholanzi, wageni pekee wanaoruhusiwa Nagasaki, wamepeleka barua Edo. Ilikuwa imebeba watu wetu saba waliopotea baharini, inawarudisha. Majina yameandikwa. Mtu wa ofisi ya mkalimani alinisomea. Unosuke wa ghuba hii yumo."

Oseki hakulia. "Lile shuka jeupe?"

"Walikuwa wanaomba wasipigwe."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Sitahani. Wote saba. Walioga usiku, wakavaa nguo safi, wakauona mlima wetu. Sasa yuko pwani ya Uchina, anawashonea wageni matanga."

Asubuhi Oseki akaenda kwa Heizaemon, akapiga magoti mlangoni.

"Mkuu, naomba uandike tena jina la mume wangu kwa walio hai."

Heizaemon akaweka chini kikombe chake. "Nani amekwambia?"

"Kifuniko."

"Usinichezee, Oseki."

"Barua ilipofika Edo, mkuu, walituma chombo kumfuata?"

Mzee akatazama nje kama kuna anayesikiliza. "Nchi ni nyumba. Ukimfungulia mmoja, wote wanaingia."

"Nyumba gani inayomfungia nje mwenyewe?"

"Lugha hiyo itakuua. Na si wewe tu. Wataulizana nani alisema na nani alisoma, na vichwa viwili vitaanguka. Unavitaka hivyo vichwa?"

Hakuvitaka. Akainama mpaka paji likagusa mkeka, akarudi nyumbani. Tangu hapo hajasema neno kisimani, na wanawake hudhani uchungu wa ujane umemrudia upya. Ofuji alimletea figili za chumvi kumliwaza. Oseki akazipokea, akashukuru, akashindwa kuzila.

Bakuli bado hupakuliwa. Zamani alikifunua kifuniko akiogopa kukikuta kikavu. Sasa anaogopa matone, maana kila tone linamwambia kwamba mtu yu hai, ana njaa ya kwao, na alishafika mpaka mlangoni.

Heizaemon anadaiwa jina moja kwenye daftari. Kasisi anadaiwa viatu, avifukue. Wakubwa wa Edo, walioisoma barua yenye majina saba wakaikunja, wanadaiwa merikebu ya kuwafuata watu wao na jibu la kwa nini haijatumwa. Oseki naye anadaiwa na Unosuke: bakuli moja la wali, alilompa mtu aliyekuwa akimpiga mumewe mizinga. Lake analilipa kila asubuhi. Wale wengine hawajaanza.