Namba Tisa Haikupewa Mtu

Hakuna aliyewafahamu watawa wa kanda ile, mapadre na mabruda, kama Mama Namba, naye alianza kuwafahamu kwenye kola. Alikuwa dobi wa nyumba kuu ya shirika kwa miaka thelathini na minane, katika chumba cha nyuma chenye masinki mawili ya saruji, kamba sita za kuanikia na pasi iliyokuwa na kisirani chake. Kila mtawa aliyehamia alipewa namba, ikashonwa kwa uzi mwekundu kwenye kola, soksi na hata leso, ili kanzu ya mnene isimfikie mwembamba. Mtawa akifa au akihamishwa, namba yake alipewa mgeni.

Majina Mama Namba hakujihangaisha nayo. Yeye alimjua Kumi na Nne, aliyejimwagia mchuzi kifuani kila Jumapili. Alimjua Ishirini na Mbili, aliyesahau rozari mfukoni ikafuliwa mara tatu, mpaka dobi akamwambia imeshatakata kuliko mwenyewe.

Mwaka ule kanda ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na padre mmoja kijana, mwenye miwani na haraka nyingi, akapewa kazi ya kuandika historia yake. Alipofungua kabati la majalada akakuta mchwa wamemtangulia. Miaka kumi na mitano ya mwanzo ilikuwa vumbi tupu. Ndipo mpishi akamtajia daftari la dobi, alilolirithi kwa dobi wa kwanza, ambamo kila namba iliandikiwa chumba, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Padre akalipekua usiku na mchana, majina akayapata kwenye misalaba ya makaburi na kwa wazee wa nyumba, kitabu kikaanza kusimama. Jumatatu asubuhi akaja chumba cha kufulia, daftari kwapani.

“Mama, mbona hakuna tisa? Nane ipo, kumi ipo. Tisa inaishia mwaka wa kumi na nne wa kanda, basi.”

“Tisa ikipinduka inakuwa sita, Padre. Inachanganya nguo.”

Jibu hilo alishawapa wakuu saba wa kanda, na wote saba walilimeza. Huyu likamkwama.

“Na sita ikipinduka je? Mbona hiyo unaigawa?”

Mama Namba akawa ameshikwa pabaya. Akazima pasi, akavuta kigoda, akamwaga yote.

Mwaka wake wa pili kazini alikuwa mjamzito, na mumewe alikuwa amefariki miezi mitatu tu nyuma. Maji ya kufulia yalibebwa kwa ndoo kutoka kisimani, kupanda mlima. Padre mtunza mali wa wakati ule akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba mama asiyeweza kubeba maji ni heri akapumzike nyumbani. Kupumzika kwenyewe kulikuwa na maana moja tu, njaa. Bruda mmoja fundi alikuwa karibu, akasikia. Kesho yake akaanza kufunga pampu kisimani na kuchimba mtaro wa bomba, kila siku akimaliza kazi zake, wiki tatu mfululizo. Siku lilipofunguliwa, bomba lilitema matope, likakohoa, maji yakaja. Mama Namba alilia pale pale kwenye sinki.

“Huyo ndiye Tisa?”

“Ndiye. Mwaka uliofuata aliondoka shirikani, alfajiri, kwa geti la nyuma. Nilikuta kanzu zake mbili kwenye kapu, kazifua mwenyewe, vibaya, povu limekaukia kwenye kola. Namba kaifumua uzi mmoja mmoja ili mwingine azivae. Kanzu nilizigawa. Namba sikuweza.”

Padre akavua miwani. “Mama, huyu lazima aingie kitabuni. Jina lake nani?”

Jina Mama Namba hakulijua. Nyumba nzima ilimwita Bruda Fundi. Yeye alimwita Bruda, na kwenye daftari, Tisa. Wazee waliobaki walikuja baada yake, waliokuwa naye walishazikwa, makao makuu ng'ambo hujibu barua wakijisikia, na kitabu kilikuwa kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa.

“Bila jina nitaandika nini?” padre akauliza. “Bruda fulani?”

Neno hilo lilimchoma dobi. Mtu aliyemlisha yeye na mtoto wake awe fulani! Jioni hiyo akaenda kwa dereva mstaafu wa nyumba, ambaye alikuwa hana jina la kumpa ila alikuwa na habari. Bruda Fundi alikuwa hai, akitengeneza pampu nyuma ya stendi ya mji wa jirani. Jumatano Mama Namba akaomba ruhusa, ya kwanza maishani isiyokuwa ya ugonjwa wala msiba.

Karakanani alimkuta mzee ameinamia pampu, mgongo mlangoni. Alimtambua kwa shingo.

“Hodi, Bruda.”

“Hakuna bruda hapa, mama. Kuna fundi.” Kisha akageuka. “Dobi! Bomba linavuja?”

“Kiungo cha pili tu. Tumekifunga mpira.”

“Mpira!” Mzee alisikitika kwelikweli, kana kwamba ameambiwa habari ya mgonjwa.

Alipoelezwa habari ya kitabu, akatikisa kichwa. “Waandike waliobaki. Mimi niliondoka. Nilijifuta mwenyewe ili nisimpe mtu kazi.”

“Umejifuta wapi? Namba yako sijampa mtu mpaka leo,” Mama Namba akasema. “Mtoto niliyekuwa naye tumboni sasa ni nesi, ana watoto watatu. Sote tumekula kwa maji yako. Nimekuja kusema asante, Bruda. Nimechelewa, najua. Lakini nitamshukuruje mtu nisiyemjua jina?”

Fundi akachukua kitambaa, akafuta mikono iliyokuwa haina tena grisi ya kufutwa.

“Nilidhani mlinisahau siku ile ile,” akasema. Kisha akalitaja jina lake, lote, polepole. Mama Namba akamfanya alirudie mara mbili huku akiliandika kwenye karatasi.

“Na wewe, dobi? Lako nani?”

“Langu la nini? Mimi si mtawa.”

“Kwani mimi ni mtawa?”

Mama Namba alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikamgeukia machozi, maana katika nyumba ile aliyoipenda hivyo, tangu siku aliyoandikwa kazi, hakuna aliyewahi kumwuliza. Akashika tena kalamu, akaandika lake chini ya lile la fundi.