Jagi la Marehemu

Nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea pale Nkwenda, nikisubiri geti langu, alipoingia mama mmoja na jagi la stenlesi. Lilikuwa la mwanawe, aliyefia Mtwara alikokuwa akifanya kazi ufukweni, akaletwa kuzikwa hapa nyumbani.

"Kila asubuhi nalijaza maji, naliweka kaburini kwake," alinong'ona. "Jioni nalikuta tupu. Mwanangu anakunywa. Majirani wanasema linavuja; hebu litazame."

Nywele zilinisimama.

Fundi aliwasha tochi ndani ya jagi. Ubavuni, chini karibu na kitako, vikatokea vimwanga vidogo kama ncha za sindano.

"Mama, ni chumvi ya hewa ya bahari. Chuma hiki kinang'aa, lakini chumvi imekitoboa vitundu. Nizibe?"

Mama alilinyakua, akalikumbatia.

"Usizibe! Atakunywa wapi?"

Fundi alizima tochi. Mimi, ninayewaelimisha ninyi wasomaji hapa kila wiki, nilimfungulia mlango apite nalo.