Kona Tuliyomfungulia Mhandisi

Hapana, sikuwa napika chai ya mafundi. Najua mtauliza tu, wajukuu zangu. Mwanamke kwenye kazi ya ujenzi, basi alishika sufuria! Mimi nilikuwa mfyatuaji wa matofali, na mikono hii imejenga kuanzia Endagikot mpaka Balangdalalu.

Siku ya kwanza pale Endagikot, Bwana Msimamizi wa mradi, mtu wa kuongea kwa pua kama imebanwa na mlango, alituangalia sisi wanawake akasema, "Nyinyi mtachekecha udongo. Mnn. Mashine ni ya wanaume."

Wanaume wako wapi? Wakati ule wa ruksa, serikali imesema kila mtu auze chake, kila mwanaume alikuwa anachoma tofali za kuuza. Tanuru moja linameza miti ya mteremko mzima, halafu mvua ikija shamba lako linahamia kwa jirani. Basi mashine tukaishika sisi, na ile pua ikanyamaza.

Tofali letu halikuonja moto. Unachekecha udongo mwekundu, unatia saruji kidogo, unamwaga kwenye kalibu ya chuma, unaning'inia kwenye mkono wa mashine mpaka udongo ubanwe. Linatoka na kinundu juu, shimo chini. Unalilaza kivulini, unalifunika majani, unalinywesha maji kama ndama mgonjwa mpaka likomae. Ukijenga, kinundu cha hili kinaingia kwenye shimo la lile, basi, zimeshikana. Hakuna mchanga wa kuunganishia. Zote kipimo kimoja. Umekosea ukuta? Fungua, panga upya. Hakuna cha kutupa.

Tukapelekwa Tlawi, tukajenga nyumba ya mwalimu. Hapo Bwana Msimamizi ananiita "fundi mama" na pua yake ile ile. Miaka ikaenda, kazi huku na huko, ndipo tukateremka Balangdalalu kwa wafugaji, tujenge chumba kando ya zahanati, akina mama wa mbali waje wasubirie hapo siku zao. Maana walikuwa wanajifungulia porini.

Kulikuwa na Mzee Gidamis, ng'ombe wengi, maneno machache. Mke wake mdogo alikuwa na mimba kubwa, na chumba hiki alikuwa anakisubiri yeye hasa. Mzee akaja, akagonga ukuta na fimbo.

"Nyumba hii. Nikihama, inahama?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamfungulia kona, tofali moja moja, nikairudisha mbele ya macho yake.

"Eh," akasema. "Hii ina akili kuliko mashemeji zangu."

Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu: mgeni haondoki bila kufunguliwa kona.

Sasa, mkoa wetu ulikuwa umezaliwa, tumeachana na Arusha, na wakubwa wapya wanatoka Babati na magari mapya. Kuta zimesimama, bado bati tu. Bati linamsubiri Mhandisi aje akague, akubali. Akaja. Kijana, viatu vinang'aa. Shikamoo aliiacha kwenye gari.

"Kimsingi," anasema, anavuta shingo hivi, kama kuku anayekunywa maji, "kimsingi, huu ukuta umeshikwa na nini?"

Nikamwambia, "Umejishika wenyewe, baba. Ngoja uone." Wenzangu wakapiga vigelegele, nikafungua kona.

Msiniambie tulikosea! Mgeni unamwonyesha nini kama siyo kile unachojivunia? Ng'ombe wako mzuri unamficha?

Alichosema nitawaambia. Kwanza mjue kilichofuata. Tenda alipewa mtu wa tofali za kuchoma. Akakata miti ya korongoni yote, akachoma, akajenga msingi, akapotea. Majani yakaota ndani. Mke wa Mzee Gidamis akajifungulia juu ya mkokoteni, mvua inampiga, ng'ombe wamekwama kwenye matope. Mtoto yupo, binti mkubwa sasa. Ni Mungu huyo, siyo Mhandisi.

Mimi nikarudi Tlawi kulima maharage. Nyumba ya mwalimu ipo, haina ufa. Nikipita naipiga kofi, naiambia, "Bado tupo." Na juzi mmoja wenu kaniletea simu, kuna vijana wamevaa kofia ngumu wanasema, "Ujenzi rafiki wa mazingira! Vipande vya kuunganisha!" Wanajikohoza, utafikiri wao ndio walioizaa kazi hii. Nikamwambia zima hiyo simu kabla sijaitupa.

Maana mimi ninayemsikia ni yule wa siku ile. Nimesimama na tofali kila mkono, kona iko wazi, mke wa Mzee Gidamis amekaa pale kivulini ameshika tumbo, anasikiliza. Mhandisi akaangalia kona, akaniangalia mimi, akafungua mlango wa gari.

"Kama inabomoka kwa mikono, malizieni kuibomoa."