Mtoto Aliyeachwa Nje ya Fomu

Kwetu Tanga mtoto ambaye hajafika arobaini ni mgeni. Hatolewi nje ovyo, hasifiwi, na akiondoka hakuna makelele. Binti yangu wa mwisho aliishi siku tisa, zote hospitalini hapa Maryland, na mama yangu aliponipigia simu kutoka nyumbani aliniambia, "Mwanangu, huyo alikuwa mgeni. Usimhesabu." Nikatii. Mimi ni mbishi, muulize mume wangu, lakini siku zile sikuwa na nguvu ya kubishana hata na kifuniko cha chupa.

Ndiyo maana tulipokwenda kwa bwana mmoja Mkenya, anayewajazia watu fomu za kodi ya mapato nyuma ya duka la simu kule Beltsville, na akauliza, "Watoto ni wangapi, sister? Nikufailie chap chap, watu ni wengi," nilimjibu wawili. Mume wangu alikuwa kando yangu. Akatazama viatu vyake. Kwa jinsi nilivyoona mimi, hakuna aliyesema uongo.

Mwaka uliokuwa unajazwa ulikuwa mbaya. Nilikuwa namhudumia mzee mmoja kule Oxon Hill, kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani, mpaka mimba ilipofika miezi mitano na presha ikanilaza. Kazi yangu ile haikuwa na malipo ya ugonjwa, usipokwenda hulipwi. Kipato chetu kikashuka karibu nusu. Serikali ya hapa huwarudishia fedha wazazi wenye kipato kidogo, na mtoto akiongezeka nazo huongezeka. Tukarudishiwa za watoto wawili, zikaishia kwenye pango la nyumba, maisha yakaendelea. Yaliendelea yenyewe, sisi tulikuwa tumekaa tu.

Nilirudi kazini, nikapata saa chache. Nilikuwa naoga, napika, naitikia nikiitwa. Watu wa kwetu walisema nimejikaza kweli kweli. Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nimekufa ganzi, na ganzi haihitaji juhudi.

Mwaka uliofuata Mkenya alipandisha bei, nikaenda maktaba, ambako watu wa kujitolea hujaza fomu bure. Nikapangiwa mama mmoja Mmarekani mweusi, mstaafu, miwani imening'inia kwenye mnyororo. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu, akabadili lugha palepale.

"Mimi nilisoma Kiswahili chuoni, dada, miaka mingi imepita. Tafadhali unisamehe makosa."

Makosa hayakuwepo. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, changu ndicho kilichokunjamana kwa kuchanganya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu aliyekuwa akiingojea tangu chuoni.

Alitaka kuona fomu ya mwaka uliopita pia. Nikampa mfuko mzima wa karatasi, maana mimi sina mafaili, nina mfuko. Katika kupekua akatoa bili ya hospitali. Sikujua kama imo.

"Huyu mtoto mchanga ni nani?"

"Huyo hakukaa."

Akavua miwani. "Alizaliwa akiwa hai?"

"Siku tisa."

"Pole sana, dada. Pole sana." Akaigeuza fomu ya mwaka uliopita na kuisoma tena tangu juu. Akanieleza polepole kwamba mtoto aliyezaliwa hai, hata akiishi saa moja, sheria inamhesabu. Tulikuwa tumelipwa pungufu, na fomu ile ilikuwa bado inaweza kusahihishwa. Nilete cheti cha kuzaliwa, na mume wangu aje kusaini.

Ningependa kuandika kwamba moyo ulinilipuka. Haukulipuka. Midomo yangu ilikuwa mizito kama nimetoka kwa daktari wa meno, nikasema asante, nikakusanya karatasi zangu.

Tulikuwa nyuma miezi miwili ya pango, na barua ya mwenye nyumba ilikuwa imebandikwa kwenye friji mahali ambapo lazima uione ukitaka maziwa. Jioni nikampa mume wangu habari nzima.

"Sasa tule pesa ya maiti ya mtoto wetu?" nikamuuliza. Nilikuwa na hasira, sikujua namkasirikia nani.

"Ukikataa, tutahama," alisema. "Ukikubali, nitasaini. Wewe ndiye uliyembeba."

Wanaume wanajua kukabidhi mzigo kwa adabu. Nikamwambia kwanza anionyeshe hicho cheti, kama kipo. Akatoka, akaenda kwenye gari, akarudi na bahasha iliyokuwa imekunjwa mara mbili. Mwaka mzima nilikuwa nimepanda gari lile, na bahasha ilikuwa kwenye kidroo kilicho mbele ya magoti yangu.

Nilipokuwa bado sijitambui wodini, watu wa hospitali walikuwa wamemuuliza jina la mtoto, naye akajaza peke yake. Kwetu binti wa pili huitwa jina la bibi yake mzaa mama. Nilifungua karatasi nikakuta jina la mama yangu.

"Hukuniambia."

"Ulisema tusimhesabu."

Nililisoma jina lile mpaka herufi zikakosa maana. Mama alikuwa amenikataza kumhesabu mtoto mwenye jina lake, na hadi leo hajui. Mgeni asiye na jina ningeweza kumwacha mlangoni. Mwenye jina, na jina lenyewe hilo, ningemwachaje? Nikamwambia mume wangu aombe ruhusa ya Jumamosi.

Jumamosi yule mama alituwekea viti viwili mbele ya kompyuta. Akaandika jina la mtoto chini ya majina ya wenzake wawili. Kwenye nafasi ya namba ya utambulisho, ambayo hakuwahi kuipata, akaandika neno moja tu la Kiingereza, la kusema amefariki. Kisha likaja swali la miezi ambayo mtoto aliishi nasi nyumbani mwaka ule. Akaandika kumi na miwili.

Nikamshika mkono. "Siku tisa, mama. Hata nyumbani hakufika. Usituandikie uongo tukafungwa."

"Si uongo, dada. Mtoto aliyezaliwa na kufariki katika mwaka huohuo anaandikiwa mwaka mzima. Sheria inasema nyumba yenu ilikuwa nyumba yake."

Mume wangu alikuwa ameshatoa kalamu. Akainama kwenye skrini, akaufuata mstari ule kwa kidole kuanzia jina mpaka kwenye tarakimu, akakiacha kidole hapo.

"Miezi kumi na miwili," alisema. "Angekuwa anasimama dede."

Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti mle maktaba, watu wakageuka kutazama, na sikuona aibu hata kidogo.