Nawaf Akwama Mlangoni

Nadira wa Junda, Mombasa, alikuwa na wasomaji mia mbili na ushei, wote wanawake, kuanzia Kisauni hadi Likoni. Kila Ijumaa aliwapelekea kwenye kundi la simu sehemu moja ya hadithi ya Shaza, mke mvumilivu, na mumewe Nawaf, aliyeoa kwa siri. Sehemu ya kumi ilimwacha Nawaf mlangoni, begi mkononi. Kabla Nadira hajaanza ya kumi na moja, uchungu wa kuzaa ukamshika. Akajifungua salama mtoto wa kike, Barakat. Nawaf akabaki pale mlangoni wiki tatu.

Waliokuja kumpa hongera walimtazama mtoto, wakasema mashallah, kisha wakamwinamia mzazi sikioni: "Ametoka au hakutoka?"

Lakini Bi Samiha, mamake Nadira, alikuwa ametoka Likoni kuja kumlea mzazi, na alikuja na sheria zake. Mwinyihaji, baba mtoto, alihamishiwa sebuleni. Maji ya moto asubuhi na jioni. Simu, hapana.

"Mzazi hakazi macho," alisema. "Ukiyakaza sasa, ukifika hamsini utamwamkia mbuzi ukidhani ni jirani."

Na Barakat alimuunga mkono nyanyake: alilala kama gogo mpaka mamake aandike kwa siri neno la kwanza, hapo ndipo alipopiga ukelele. Nadira akaona hana budi. Siku moja akaificha simu ndani ya leso, akajifungia bafuni.

"Nadira!"

"Abee, mama."

"Mbona sisikii maji?"

"Naoga, mama."

"Unaoga kwa kidole gumba?"

Simu ikatwaliwa. Lakini Bi Samiha alipoona machozi yanamlengalenga bintiye, moyo ulimlainika. Akavaa miwani, akaketi kitandani. "Haya, wewe nyonyesha useme. Mimi nitaandika."

Nadira akaanza. "Shaza akanyamaza. Chozi likamdondoka."

"Akanyamaza kwa nini? Hana mdomo?"

"Mama, andika tu."

"Naandika."

Bi Samiha aliandika kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Alipomaliza, Nadira na mtoto walikuwa wamelala fofofo. Akatuma.

Nadira aliamshwa na Hafswa, jirani yake, aliyeingia ameshika mbavu kwa kicheko. "Wallahi umetukosha!" Nadira akaiomba simu, akasoma. Shaza hakunyamaza hata kidogo. Alikuwa amempigia simu mama mkwe, na mama mkwe akavuka feri, kiatu mkononi. Sehemu iliishia Nawaf akiwa jikoni, akimenya vitunguu huku akilia.

"Mama! Nilikusudia Shaza aondoke kimyakimya sehemu ya ishirini!"

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Watu wangoje miezi miwili mwanamume atiwe adabu?"

Nadira alilia kweli sasa, na mtoto akamfuatisha. Bi Samiha akampokea Barakat, akambembeleza begani.

"Nilipokuzaa wewe, niliacha kushona," alisema. "Nikasema nitarudi ukikua kidogo. Cherahani ikakaa kipembeni hadi tukaiuza. Ndiyo maana nilikubali kukuandikia. Lakini huyo Shaza wako, mwanangu, alinipanda kichwani."

Nadira akajifuta macho. Akasoma tena pale penye vitunguu, na safari hii akacheka hadi nyuzi alizoshonwa akijifungua zikamuuma.

Ijumaa iliyofuata alitoa sharti moja tu: asomewe kila sentensi kabla haijatumwa. Bi Samiha akakubali, akavaa miwani. Katika sentensi ya kwanza Nawaf alikuwa ameanguka kisimani.

"Mama, Nawaf anaishi ghorofani."

"Basi tumpeleke mashambani," alisema Bi Samiha. Wakabishana juu ya kisima hicho mpaka alasiri ikaadhiniwa.